Moto wa Vijiti Vitatu

Jumatatu, 3 Desemba 2007

Nyuzi 15.

Judica ndiye aliyeniletea daftari hili. Ni binti wa Kipare anayesomea udaktari hapa Guangzhou, Mkristo wa kanisani hasa, mtoto wa watu. Kanipa na kipimajoto, akakitundika ukutani juu ya kitanda changu, akasema: "Mama, kila asubuhi ukishaswali soma namba uandike. Kifua kikibana, andika. Mengine ukipenda."

Mengine sina. Leo siku ya kumi na tano tangu mume wangu, Haidar, alipoanguka pale mlango wa jikoni, katoka kuswali alasiri, hata kanzu hajaivua. Wanaume wakaja, wakamwosha, wakamzika kesho yake kwenye makaburi ya Waislamu. Mimi nililiona jeneza mpaka geti la ua, basi. Sijalia. Watu wanasema Mwanahija ana subira. Si subira. Ni kama mguu ulioukalia ukafa ganzi: unauona ni wako, unaufinya, hausemi kitu.

Nimekaa eda. Miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba ileile aliyonifia mume. Ndivyo dini ilivyosema, na ndivyo alivyokaa mama yangu Pangani. Sheikh kanihesabia kwa mwezi, nitatoka tarehe 26 Machi. Hilo ndilo pekee ninalolitaka kwa sasa, kuzimaliza siku za mume wangu mahali pake. Mwenyezi Mungu hakutupa mtoto. Sina kingine cha kumfanyia.

Kikwazo ni kifua. Mwaka jana homa ya mapafu ilinilaza hospitali siku kumi na moja. Nyumba za huku hazina joto, sakafu vigae, kuta zinashika maji. Judica hakunificha: "Baridi yenyewe ikifika na nyumba iko hivi, Mama, eda hii huimalizi. Nitampigia shemeji yako aje akuchukue." Shemeji ni Abdulrazak, mdogo wake marehemu, yuko Dar.

Jumanne, 4 Desemba

Nyuzi 15.

Ijumaa, 7 Desemba

Nyuzi 14. Swalha, rafiki yangu wa Unguja anayenunua nguo za jumla kule soko la Zhanxi, kaniletea hita ya umeme. Dakika kumi, fyuzi ikakata, soketi ikayeyuka. Bibi Luo, mwenye nyumba, anakaa ng'ambo ya ua huu huu. Kaja na tochi mkononi anafoka, "Bu xing! Bu xing!" Haiwezekani. Kaichukua hita kaondoka nayo. Mwanamke mkavu yule. Miaka mitatu nimepanga kwake sijaona meno yake.

Jumanne, 11 Desemba

Nyuzi 14.

Jumanne, 18 Desemba

Nyuzi 13.

Limekuja lori. Watu wanne wameshusha kasha la mbao wakaliacha katikati ya ua. Ndani mna jiko la kuni la jiwe la sabuni, lile jiwe laini la kijivu ambalo Wakisii wanachongea bakuli. Haidar, aliyekuwa akiwanunulia watu wa kwetu bidhaa za huku, aliliagiza mwezi wa tisa liwe sampuli. Dismas, mwenye gesti huko Lushoto, alitaka majiko hayo vyumbani maana wageni wake wanatetemeka.

Nimempigia Dismas. Kanipa pole, halafu akalia yeye, ikawa mimi ndiye ninayembembeleza. Alipotulia akasema mambo ya majiko kayaacha, hili nifanye nitakavyo.

Linanifika kifuani. Nimeweka kiganja juu yake, baridi yake ikauma.

Jioni kaja Judica, akalizunguka, akapiga makofi. "Mama! Mungu wako ana akili!"

"Mungu ni mmoja," nikamwambia, "wala usimsifu kama mtoto aliyepita mtihani."

Akacheka mpaka akakaa chini. Nikataka kucheka naye, mdomo haukufika.

Alhamisi, 20 Desemba

Idi kubwa. Nimeswali peke yangu. Swalha kaleta nyama ya mbuzi. Nimekula. Sikumbuki ladha.

Jumamosi, 22 Desemba

Nyuzi 13. Fundi Huang, aliyelichonga jiko, kaja kulifunga. Bomba la moshi kalipitisha dirisha la nyuma, likapandia nje upande wa kichochoro. Bibi Luo alisimama mikono kifuani saa zote tatu. Mwisho akauliza, na Judica akanifasiria: "Nyumba ikiungua nimdai nani, mjane?"

Fundi kaacha karatasi ya maelekezo. Judica kaifasiri kwa Kiswahili, nikaibandika ukutani. Inasema jiko jipya lina maji ndani, kwenye mawe na kwenye udongo wa maungio, hata ulione kavu. Moto wa kwanza ni vijiti vitatu, unene wa kidole. Uuache uzime wenyewe, jiwe lipoe mpaka moyoni. Kesho yake vijiti vitano. Uongeze kidogokidogo hivyo siku saba, na siku ya saba ndipo ujaze. Ukilikimbiza, maji yanageuka mvuke humo ndani na jiwe linapasuka. Wala usilimwagie maji.

Kuni ninazopata ni za mlichi, mti wa matunda wa huku, za mzee mwenye mkokoteni anayewapelekea wachoma nguruwe. Roho ikanisuta, nikampigia sheikh.

"Kuni zimemgusa nguruwe?"

"Hapana, sheikh. Zilikuwa zinakwenda kwake."

"Basi zako zimeghairi safari. Washa."

Jumapili, 23 Desemba

Moto wa kwanza. Vijiti vitatu. Harufu ya rangi, moshi kidogo, robo saa umezima. Jiwe limetoka jasho, matone yanateremka usoni pake. Nyuzi 13 kabla, 13 baada.

Jumatatu, 24 Desemba

Wa pili. Vijiti vitano.

Jumanne, 25 Desemba

Wa tatu. Judica yuko kanisani na Wakenya.

Jumatano, 26 Desemba

Wa nne. Kiganja juu ya jiwe, nikapata uvuguvugu. Ukakaa mpaka isha.

Alhamisi, 27 Desemba

Wa tano. Nyuzi 14. Nikiswali magharibi mgongo wangu umepata joto. Zimebaki siku mbili.

Ijumaa, 28 Desemba

Arobaini ya Haidar.

Wamekuja wanawake kumi na wanne, wa Dar, wa Unguja, Wakomoro wawili, na Hannah, Mkenya anayesafirisha viatu, Mkristo, lakini msibani huwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Mimi nikawekwa chumbani na wasomaji. Mwenye eda siku hiyo hashiki kitu; wenzio ndio wanaoshika. Swalha akawa jemadari wa huko nje.

Tukaanza Yasini. Nikasikia brashi inasugua, kwaru, kwaru. Nikajua ni masufuria. Nikasikia maji yanamwagwa. Nikajua ni sakafu. Kumbe Swalha kaliona jiko la jiwe lina masizi mdomoni, na wageni wanapita hapo, akaona aibu kwa ajili yangu. Kaliosha. Kaliosha nje na ndani, kwa sabuni ya unga na stilwaya, ndoo mbili za maji, kama tunavyoosha jiko lolote kwetu kabla halijapikia hitima. Karatasi iko ukutani juu ya kichwa chake, lakini nani anasoma karatasi akiwa na wali wa watu kumi na wanne? Kisha akalijaza kuni mpaka mlango haufungi, akatia moto, akateleka sufuria juu.

Tulikuwa hatujafika mwisho wa sura. Likalia kishindo kimoja, kama mtu kabamiza mlango.

"Mungu wangu, limesema!" Sauti ya Swalha.

"Hiyo si kusema," akajibu Hannah. "Hiyo ni kuvunjika."

Sikuinuka. Nilimaliza sura, nikaomba dua, ndipo nikatoka. Jiwe la ubavu lilikuwa limepasuka juu mpaka chini, na kwenye ufa lilikuwa linatoka povu la sabuni, jeupe, linachemka.

Swalha kajishika kichwa. "Mwanahija, jiko gani hili lisilooshwa? Kwetu hata bibi harusi anaoshwa!"

"Na wewe ukamwosha ukamtia motoni siku hiyohiyo," akasema Hannah.

"Hannah, funga mdomo wako nisije nikakufunga mimi!" Halafu akaangua kilio, Swalha yule ambaye Wachina wa Zhanxi wakimwona wanashusha bei wenyewe. Nikamshika, nikampangusa na kanga yangu. Wote wanalia mbele yangu, mimi ndiye mpangusaji. Niliitafuta hasira nikaikosa. Nikaona tu namba: 26 Machi. Na nikaona kifua changu.

Wali ulipikwa kwenye gesi. Ulikuwa mzuri, wamesema.

Jumamosi, 29 Desemba

Nyuzi 13. Fundi Huang kasema atachonga jiwe jingine la ubavu, ila kazi nyingi kabla ya mwaka wao mpya. Siku ishirini na kitu. Na jiko lote lianze upya, moto wa kwanza, maana tofali za ndani zimekunywa maji.

Jumamosi, 5 Januari 2008

Nyuzi 14. Abdulrazak kapiga. Judica kamweleza yote.

"Shemeji, ukoo umekaa. Wanasema eda ni moyoni, hata Dar inakaliwa."

"Moyoni ndiko wapi, shemeji? Nipe mtaa."

"Usinifanye mimi mtu mbaya, Bi Mwanahija."

Nimemwona mtu mbaya hasa. Hata maziko ya kaka yake hakuyawahi, leo anajua mahali pa eda.

Alhamisi, 10 Januari

Nyuzi 14.

Jumanne, 15 Januari

Nyuzi 12. Nakohoa asubuhi tu.

Jumapili, 20 Januari

Fundi kaja na jiwe. Kalipachika, kaziba maungio kwa udongo, kasema nisiguse siku nane. Swalha alikuwapo. Alikaa mbali, mikono mgongoni, kama yuko msikitini pasipo udhu.

Ijumaa, 25 Januari

Nyuzi 10. Baridi yenyewe imefika. Mvua nyembamba isiyonyesha wala kuacha. Televisheni ya Bibi Luo naisikia ng'ambo ya ua, theluji huko kaskazini, treni zimekwama. Swalha kasema pale stesheni watu ni kama mchele kwenye gunia, wanataka kwenda kwao kula mwaka mpya na hakuna treni. Hawezi hata kufika dukani.

Jumapili, 27 Januari

Nyuzi 9. Nakohoa mchana pia. Mzee wa mkokoteni haji. Wanasema kaenda kwao kabla njia hazijafunga. Nina mafungu mawili ya vijiti. Magogo ya kujaza sina.

Jumatatu, 28 Januari

Nyuzi 9. Moto wa kwanza, mara ya pili. Vijiti vitatu. Jiwe limetoka jasho upya.

Jumanne, 29 Januari

Nyuzi 8. Vijiti vitano. Judica kaniweka chombo mgongoni akasikiliza, akatoka uani kupiga simu. Nimejua anampigia nani.

Jumatano, 30 Januari

Nyuzi 8.

Abdulrazak kafika. Kumbe alikuwa na tiketi tangu wiki iliyopita. Kashukia uwanja wa ndege wa Baiyun alfajiri, kaweka mzigo hotelini, saa nne yuko mlangoni kwangu na sweta mbili moja juu ya nyingine. Kazeeka. Pua ya Haidar ileile. Nilitazama pembeni.

Hakuingia. Ni shemeji, si maharimu wangu, na mimi niko edani. Haifai tuwe wawili nyuma ya mlango uliofungwa. Basi mlango ukaachwa wazi, yeye kwenye kigoda kizingitini, mimi ndani karibu na jiko, na baridi katikati yetu inapita inavyotaka.

"Tiketi ni tarehe tano," akasema. "Zote mbili. Daktari wako kaniambia: nyumba ikiwa chini ya nyuzi kumi na sita, wewe hapa kuugua ni kusubiri siku tu. Mimi sikuja kugombana, shemeji."

Nikamwonyesha jiko. Nikamweleza siku saba, kwamba leo ni ya tatu, ya saba itakuwa Jumapili.

"Mimi nimevuka bahari kuja kuota vijiti? Weka kuni, shemeji. Jiko ni jiko."

"Waliweka. Likapasuka."

"Basi tukae hivi mpaka tugande?"

"Jumapili nikijaza," nikasema, "na Jumatatu asubuhi kipimajoto kikisema kumi na sita, utaniacha nimalize?"

Akatazama kipimajoto, akautazama mlango wazi. Akasema, "Na mlango huu ukiwa wazi, itafika vipi kumi na sita?"

Nikawasha moto wa tatu. Mvuke wa midomo yetu ulikuwa mwingi kuliko moshi.

Alhamisi, 31 Januari

Nyuzi 8.

Moto wa nne. Abdulrazak kizingitini kama jana, midomo ya bluu. Akiwapo mlango nauacha wazi, akienda naufunga, joto lote la moto linakwenda uani. Bibi Luo akatoka kwake, akasimama mvuani na mwavuli, akatutazama. Akasema neno refu. Judica alikuwa darasani. Abdulrazak akaonyesha kwa mikono: yeye ndani, mimi ndani, mlango umefungwa, hapana. Akatikisa kidole.

Mama yule akafunga mwavuli. Akampita Abdulrazak, akaingia, akavuta kiti akaketi katikati ya chumba, akamwashiria na yeye aingie. Kisha akaunyoosha mguu akausukuma mlango. Ukafunga.

Watatu sasa. Hakuna aibu ya mtu. Abdulrazak akanitazama, nami nikamtazama, tukaelewa kwamba hakuna sheikh wa kumpigia kwa hili, limejibika lenyewe. Bibi Luo akatoa sufu na sindano mfukoni akaanza kufuma.

Jioni Judica alipokuja nikamwambia amuulize kwa nini. Bibi Luo akajibu bila kuinua uso: "Mume wangu alipokufa mama mkwe alikaa hivi chumbani kwangu miezi miwili, wanaume wasiseme." Basi. Akaendelea kufuma. Nimeishi naye ua mmoja miaka mitatu nikimwita mkavu.

Ijumaa, 1 Februari

Nyuzi 8. Homa. Namwandikisha Judica.

Jumamosi, 2 Februari

Naandika mwenyewe.

Jana niliamka nikaswali nimekaa. Moto wa tano ulikuwa bado, na mimi siwezi kuinama. Nimejifunika mablanketi matatu nawasikia tu, Abdulrazak na Bibi Luo. Nikajua ndiyo mwisho, atajaza vijiti vyote, mtu mwenye tiketi ana haja gani na subira? Nikamsikia analifungua sanduku la kuni. Nikamsikia anavunja. Nikageuza shingo.

Alikuwa kapiga magoti sakafuni, miwani puani, anasoma karatasi ya ukutani kwa kidole. Kisha anakipima kijiti kwa kidole gumba, anakiweka kando. Kinene. Anachukua kingine. Akahesabu tisa, akavipanga, akawasha, akafunga mlango wa jiko taratibu kama mlango wa chumba alimolala mtoto. Akakaa anatazama mpaka ukazima. Hakuongeza.

"Ungeweza kujaza," nikamwambia chini ya blanketi. "Lingepasuka, tungekwenda."

Akasema, hakunigeukia:

"Baba alipokufa, Haidar alikuwa baharini. Wajomba wakaamua nyumba iuzwe. Mama tukamtoa eda siku ya ishirini na mbili, tukampeleka Temeke kwa dada yake. Wakasema eda ni moyoni. Mimi ndiye niliyebeba godoro, nilikuwa na nguvu. Mama akawa anafuata nyuma. Mpaka anakufa aliniuliza, Abduli, zile siku zangu nyingine nilizikalia wapi?"

Sindano za Bibi Luo zinalia, tik, tik.

"Sasa ukoo umekaa tena," akasema, "na wamemtuma nani? Yule anayejua kubeba godoro."

Nilitaka kumwambia neno. Nilimwona mtu mbaya mwezi mzima, nimeandika humu. Nikasema tu, "Kesho vijiti kumi na vinne."

Leo ndivyo hivyo kumi na vinne. Wa sita. Homa imeshuka. Nyuzi 11. Ila kuni za kujaza hapo kesho hatuna. Abdulrazak kazunguka mpaka mtaa wa Xiaobei, kote wanamwambia meiyou, hakuna.

Jumapili, 3 Februari

Asubuhi nyuzi 12. Wa saba.

Bibi Luo aliondoka kitini kwake, akarudi anaburura kikapu. Magogo ya mlichi, mazito, yamekauka mpaka yanalia yakigongana. Judica akaniambia: walikuwa na shamba la milichi, barabara kubwa ilipopita ikachukua lote. Hayo ndiyo yaliyobaki, ya mti alioupanda mumewe. Yalikuwa chini ya ngazi miaka tisa. Hata wachoma nguruwe amewakatalia.

Nikasema, Judica, mwambie hapana. Judica akasema. Bibi Luo akanijibu mimi, si yeye, kwa kelele kama siku ya hita: "Zimekauka! Utafanya nini na kuni zilizokauka?"

Abdulrazak akajaza, gogo moja baada ya jingine. Nikawasha, bismillahi. Tulikaa wanne, masikio kwenye jiwe. Likavuma. Likanguruma. Tukangoja kile kishindo. Swalha alikuwa kwenye simu mkononi mwa Judica, anapiga kelele kila dakika, "Limesema? Limesema?"

Halikusema.

Jumatatu, 4 Februari

Alfajiri nimeswali nikakaa kwenye mswala, sijataka kutazama ukuta. Abdulrazak alikuja saa moja na Bibi Luo nyuma yake. Jiwe bado lilikuwa na joto kutoka jana, ukiweka shavu.

Akaenda mwenyewe kwenye kipimajoto. Akavaa miwani. Akakaa hapo muda mrefu, mgongo kwangu.

"Kumi na sita, shemeji. Andika."

Nikasogea. Nina macho. Ilikuwa kumi na tano, na hata hiyo kumi na tano kwa taabu.

"Abdulrazak."

"Kumi na sita," akasema. "Mimi ndiye niliyetumwa. Nimeona mimi."

Naandika ilivyokuwa. Nyuzi 15. Yeye kasema 16.

Jumatano, 6 Februari

Nyuzi 17. Tiketi moja Abdulrazak kairudisha, moja kaisogeza mbele.

Alhamisi, 7 Februari

Mwaka wao mpya. Fataki tangu alfajiri. Bibi Luo kaleta machungwa mawili kwa mikono miwili. Nimempa halua. Kaonja, katema kwenye kiganja, kaona nimeona, karudisha mdomoni, kameza. Meno yake nimeyaona.

Jumamosi, 9 Februari

Nyuzi 17. Abdulrazak kaondoka. Kaniaga uani. "Ukoo nitawaambia mimi," akasema. "Wewe hesabu siku zako."

Alhamisi, 14 Februari

Nyuzi 16. Mzee wa mkokoteni karudi, nimepata kuni.

Jumapili, 24 Februari

Nyuzi 18. Sikohoi.

Jumamosi, 8 Machi

Nyuzi 21. Baridi imekwisha, umekuja ule unyevu wao. Kuta zinatoka jasho, sakafu kama samaki, nguo hazikauki, mswala unanuka ukungu. Bibi Luo kaashiria niwashe jiko hivyo hivyo, likaushe nyumba. Nawasha, madirisha wazi. Kaleta na nguo zake, tumezitundika kuzunguka jiwe, soksi zake na kanga zangu.

Alhamisi, 20 Machi

Maulidi. Swalha kaja kanisomea kidogo. Kaligusa jiko kwa kidole kimoja.

Jumanne, 25 Machi

Nyuzi 23. Kesho. Nilidhani ikikaribia nitasikia kitu. Nimepiga pasi buibui.

Jumatano, 26 Machi 2008

Nyuzi 22.

Asubuhi nikawasha moto kwanza, maana kuta zimelowa tangu jana. Kisha wakaja Swalha na Hannah na wengine, wakaniosha kwa nia, wakanivika nguo mpya, wakanitia udi. Wakasoma dua, wakala, wakacheka, wakaondoka kabla ya adhuhuri maana mizigo yao inapakiwa bandarini Nansha. Swalha kaniambia mlangoni, "Haya, mwari, dunia yako hiyo. Toka."

Nikabaki nimesimama. Geti la ua liko wazi. Siku zote hizi nilipigania nikae, ukoo, kifua, jiwe, baridi, vyote nikavingoja vipite. Hakuna aliyenifundisha kutoka. Nikarudi nikakaa. Nikainuka. Nikakaa.

Bibi Luo akaja na kikapu cha sokoni. Hajui eda wala lolote. Akanishika kwenye mkono wa buibui akavuta. "Zou," akasema. Twende.

Nikaenda. Tuliingia sokoni, nikapigwa na kelele, samaki wanarukaruka kwenye beseni, pikipiki zinapita kati ya miguu ya watu. Nikauliza bei ya tangawizi. Nikaambiwa. Nikasema ghali. Ikapungua. Nilinunua tangawizi, vitunguu, na majani mabichi ambayo hata jina lake silijui. Kesho nitamwomba Swalha anipeleke kaburini. Leo miguu ilitosha kwa sokoni.

Bibi Luo akakutana na wenzake, akasimama kupiga soga, akaniashiria nitangulie. Nikakosea njia ya mbele, nikatokea kichochoro cha nyuma ya nyumba, nisichopita hata siku moja tangu jiko lifungwe. Nikainua macho. Kwenye ukuta wa kijivu, dirishani, palikuwa na bomba jeusi, na juu yake moshi mwembamba, mweupe, unapanda taratibu bila haraka ya mtu.

Nilisimama pale na tangawizi yangu. Tangu Desemba nawasha moto, nausikia, naunusa, sijawahi kuona moshi wake unavyotoka. Nikautazama kama moshi wa nyumba ya mtu mwingine. Nikasema moyoni: hapo pana mtu. Huyo mwenye nyumba yupo, anapika, anajikaushia kuta zake, maskini, yu hai.

Nikazunguka mpaka mbele, nikavuka ua. Mlango niliuacha umerudishwa tu. Nikajisikia ninapiga hodi. Nikangoja kidogo, kama mgeni anavyongoja.

Hakuna aliyeitika. Nikaingia.